Hajaitwa na Hakuitwa: Lugha ya Kungoja Nafasi ya Chuo Kikuu katika Pwani ya Malindi na Kilifi

Utangulizi

Mwanafunzi wa sarufi hufundishwa mapema kwamba ukanushi wa kitenzi katika Kiswahili hautimizwi kwa namna moja. Kauli "ameitwa" hukanushwa kwa "hajaitwa", ilhali "aliitwa" hukanushwa kwa "hakuitwa". Darasani tofauti hii hupita upesi: mwalimu huchora jedwali ubaoni, wanafunzi hunakili, na mada inayofuata huanza. Lakini katika nyumba nyingi za Malindi, Mambrui, Gede, Takaungu na mji wenyewe wa Kilifi, tofauti hiyo imekuwa ni miezi, na zamani miaka, ya maisha ya kijana aliyekwisha kufanya mtihani wa kidato cha nne na ambaye anangoja kujua kama atapata nafasi ya chuo kikuu.

Makala haya yanachunguza lugha ya kipindi hicho: vitenzi, viambishi, methali na misemo ambayo anayengoja na wanaomzunguka huitumia. Hoja inayotetewa ni kwamba dhiki ya kungoja haikutokana na urefu wa muda peke yake. Kwa kiasi kikubwa ilitokana na kutokuwapo kwa mtu au ofisi ya kumwambia kijana ni siku gani "hajaitwa" imegeuka kuwa "hakuitwa". Kwa kuwa hoja hii ni ya lugha na pia ni ya historia, ni vyema kuanza na historia.

Muda uliotengenezwa

Katika mazungumzo ya kawaida, kungoja chuo huzungumzwa kana kwamba ni majira ya mwaka, mithili ya kusi na kaskazi. Huja, hukaa, huondoka, na hakuna wa kulaumiwa. Ukweli ni kwamba muda huo ulitengenezwa na matukio yanayojulikana. Baada ya jaribio la mapinduzi la tarehe 1 Agosti 1982, Chuo Kikuu cha Nairobi kilifungwa kwa zaidi ya mwaka mmoja, na waliostahili kuingia wakarundikana nje. Mwaka 1987 makundi mawili yalidahiliwa kwa pamoja ili kupunguza mrundikano huo. Kabla hali haijatulia, mwaka 1989 walimaliza kwa wakati mmoja wanafunzi wa mwisho wa kidato cha sita na wanafunzi wa kwanza wa mfumo wa 8-4-4 waliofanya mtihani wa KCSE. Makundi mawili yakadahiliwa tena mwaka 1990. Kufikia miaka ya 1990 na ya 2000, ilikuwa kawaida kwa aliyefanya mtihani mwishoni mwa mwaka mmoja kuingia chuo kikuu cha umma karibu miaka miwili baadaye.

Jambo la pili linalostahili kutajwa ni vitanda. Gredi ya chini ya kumwezesha mtahiniwa kusoma shahada ilikuwa C+, lakini Bodi ya Pamoja ya Udahili ya vyuo vikuu vya umma ilipanga idadi ya wa kuchukuliwa kwa kuzingatia nafasi za malazi zilizokuwapo mabwenini. Kwa hiyo alama za kuteuliwa zilipanda juu ya C+, na maelfu waliofuzu kwa mujibu wa sheria hawakupata nafasi kwa mujibu wa vitanda. Hapa ndipo lugha ya kawaida ilipolazimika kutenganisha mambo mawili ambayo mgeni angedhani ni kitu kimoja: "kufuzu" na "kuitwa". Kijana wa Magarini angeweza kufuzu, jina lake likatajwa kwa sifa shuleni na mtaani, na asiitwe kamwe.

Jambo la tatu ni pesa. Kuanzia mwaka 1998 Chuo Kikuu cha Nairobi kilifungua masomo sambamba kwa wanaojilipia, na vyuo vingine vya umma vikafuata. Aliyekuwa na mzazi wa kulipa aliweza kuingia darasani bila kungoja foleni ya Bodi, pengine akawa mbele kimasomo ya mwenzake aliyemshinda katika mtihani. Hivyo kungoja kulikuwa na bei, na asiyeweza kuilipa ndiye aliyengoja. Isitoshe, hadi mwaka 2007 hapakuwa na chuo kikuu cha umma chenye makao yake pwani. Mwaka huo ndipo iliyokuwa Taasisi ya Kilimo ya Kilifi ilipogeuzwa kuwa Chuo Kikuu Kishiriki cha Pwani chini ya Chuo Kikuu cha Kenyatta. Hati ya kuwa chuo kikuu kamili ilitolewa mwaka 2013. Kabla ya hapo, kuitwa kulimaanisha kuitwa Nairobi, Njoro, Eldoret au Maseno, mahali ambapo wengi wa waliongoja hawakuwa wamewahi kupaona.

Kuitwa ni kutendwa

Swali linaloulizwa na shangazi, mjomba, jirani na hata mwenye duka ni moja: "Umeitwa?" Au, kwa namna ya matarajio zaidi, "Umeitwa wapi?" Karatasi yenyewe ni "barua ya kuitwa". Matumizi haya yamezoeleka mno hivi kwamba ni nadra mtu kujiuliza kwa nini kitenzi hiki ndicho kilichoshinda.

Mtahiniwa wa miaka hiyo alikuwa ameomba. Kabla hata ya kufanya mtihani alijaza fomu shuleni, akataja vyuo na kozi alizozitaka kwa mpangilio. Kwa haki angeitwa mwombaji, na kinachomfuata mwombaji ni jibu. Mtu akiomba asijibiwe, jamii ya pwani huona kwamba aliyeombwa amekosa adabu, hata kama jibu lingekuwa la kukataa. Lakini ombi lilipobatizwa jina la "kuitwa", uhusiano uligeuka. Aitwaye hana dai. Mwito huja kwa hiari ya mwenye kuita, na asipoita hajavunja ahadi yoyote. Mtu huitwa na chifu, huitwa mahakamani, na kwa tasfida ya msibani huitwa na Mola wake. Katika yote hayo hapangi yeye siku wala saa.

Kisarufi, kiambishi -w- cha kauli ya kutendwa humruhusu msemaji kumwacha mtenda. "Ameitwa" ni sentensi kamili. Katika mazungumzo mtu hasemi "ameitwa na Bodi ya Pamoja ya Udahili" ila ikiwa anaulizwa. Wanaopenda kauli ya kutenda nao hawamtaji mtenda; husema "wamemwita" au "hawajamwita", na hiyo wa- haina kirejelewa chochote katika mazungumzo yaliyotangulia. Ni wao. Mzee aulizapo "Wameshakuita, mwanangu?" hakuna kijana atakayemjibu kwa kuuliza "Kina nani?" Wote wawili wanajua kwamba ni watu wa mbali, wa Nairobi, wasiofikika kwa miguu wala kwa simu.

Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2012 iliunda taasisi ya KUCCPS, nayo ikaichukua kazi ya Bodi. Pamoja nayo kulienea kitenzi kingine, "kupangiwa": fulani amepangiwa ualimu, fulani amepangiwa kilimo. Mnyambuliko huu una viambishi viwili, cha kutendea na cha kutendwa, na kwa hiyo mtahiniwa ametendewa jambo kwa niaba yake huku mtenda akiwa hayumo katika sentensi. Yamkini kuna atakayesema kwamba huu ni ujenzi wa kawaida wa Kiswahili na kwamba si haki kuutwika siasa. Hoja hiyo ina uzito. Hata hivyo, lugha hiyo hiyo inavyo vitenzi "kujibiwa" na "kukubaliwa", ambavyo navyo ni vya kutendwa lakini huacha alama ya kwamba aliyejibiwa alisema kwanza. Havikushika mizizi.

Kati ya -ja- na -ku-

Kiini cha mjadala ni hapa. Kiambishi -ja- katika "hajaitwa" hakikanushi tukio tu. Huliacha tukio mlangoni. Anayesema "mvua haijanyesha" anaitazamia mvua. Anayesema "mvua haikunyesha" ameshafunga hesabu ya msimu. Baadhi ya wanaisimu hukihusisha kiambishi hiki na kitenzi -ja, chenye maana ya kufika, na ikiwa wana haki, basi ndani ya ukanushi wenyewe kuna kitu ambacho kingali njiani. Kielezi "bado" hufanya kazi hiyo hiyo. Jibu la "Umeitwa?" halikuwa "La". Lilikuwa "Bado".

Kwa hiyo kila alipojibu, kijana alitoa ahadi ambayo hakuwa na uwezo wa kuitimiza. Wiki ya kwanza baada ya orodha kutangazwa, "bado" ilikuwa kweli, kwani barua zilisafiri kwa posta, sanduku lenyewe mara nyingi lilikuwa la shule au la jamaa mwenye kazi mjini, na kutoka Adu au Bamba hadi mjini kulihitaji nauli. Mwezi wa pili, "bado" ilikuwa matumaini. Mwezi wa tano ilikuwa heshima: njia ya kumzuia mzazi asihuzunike mbele ya watu. Neno lilikuwa lile lile, sarufi ile ile, lakini maana ilikuwa imeshahama.

Waliochaguliwa waliandikiwa barua. Kwa wasiochaguliwa, ujumbe ulikuwa kimya. Kimya hakina tarehe, na hapa ndipo tofauti kati ya mfumo huu na mifumo ya baadhi ya nchi nyingine inapodhihirika. Nchini Marekani, kwa mfano, chuo humwandikia kila mwombaji, anayekubaliwa na anayekataliwa, na aghalabu siku ya majibu hujulikana mapema. Kijana wa huko naye hupata wahaka, tena mkubwa, ila wahaka wake una ukingo. Ipo siku ambayo atalia au atashangilia. Kijana wa Malindi wa miaka ya 1990 ilimbidi ajitangazie mwenyewe kwamba "sijaitwa" imekuwa "sikuitwa". Wengi hawakujitangazia. Walianza tu kusema mambo mengine: wamepata kibarua, wanafikiria chuo cha ualimu, wanakwenda kwa kaka Mombasa. Msikilizaji mwenye busara alielewa na akaacha kuuliza.

Kungoja si kusubiri

Katika Kiswahili cha leo vitenzi "kungoja" na "kusubiri" hutumiwa kwa kubadilishana, na kamusi nyingi hufafanua kimoja kwa kingine. Methali, ambazo hutunza maana za kale kuliko kamusi, hazikubali. "Subira huvuta heri" na "Subira ni ufunguo wa faraja" zinalisifu jambo moja. "Ngoja ngoja huumiza matumbo" inalilalamikia. Kusubiri kumetoka katika Kiarabu pamoja na nomino yake, subira, na kumebeba maadili yote ya dini yaliyomo humo: anayesubiri anatenda wema. Kungoja ni kitenzi cha Kibantu kisicho na sifa wala lawama. Hupima muda tu, na kikirudiwa, kama katika methali hiyo, huanza kuuma.

Uchunguzi wa shina jingine unaongeza utamu. Katika Kiganda kitenzi "kulinda" maana yake ni kungoja. Na katika Kizulu, mbali kabisa kusini, "linda" vilevile ni kungoja. Kiswahili kimelibakiza shina hilo kwa maana ya kuchunga na kuhifadhi. Na kana kwamba ni fidia, kitenzi "kungoja" chenyewe kiliwahi kubeba maana ya ulinzi: bawabu aliitwa mngoja mlango. Inaelekea wazee walioijenga lugha hawakumwona anayengoja kuwa mtu aliyekaa bure. Alikuwa akilinda kitu.

Tazama basi namna vitenzi hivi vinavyogawanywa nyumbani. Kijana husema "nangoja barua". Mzazi, mwalimu mkuu na karani humwambia "subiri". Kinachoelezwa na kijana kama hali iliyoletwa na wengine hurudishwa kwake kama wajibu wa tabia. Akionekana kukosa raha, kosa si la Bodi iliyokawia, ni lake asiye na subira. Si kwamba wazazi walikuwa na nia mbaya. Hawakuwa na kingine cha kumpa, na subira angalau haihitaji nauli. Lakini mhakiki wa lugha hana budi kuona kwamba neno moja lilihamisha mzigo kutoka Nairobi hadi Gongoni bila mtu kutamka lawama yoyote.

Tumbo, moyo na mawazo

Msamiati wa dhiki yenyewe unastahili makala yake pekee. Itoshe kusema kwamba Kiswahili cha pwani kina maneno mengi ya hali hii, na kila moja huiweka mahali tofauti. Wasiwasi, kwa asili yake ya Kiarabu, ni mnong'ono unaotoka nje na kuingia nafsini. Wahaka ni kutotulia. Jakamoyo liko moyoni, kama jina lenyewe linavyojieleza. Tumbo joto liko tumboni, pale pale ilipopaweka methali ya ngoja ngoja. Istilahi ya kisasa, "msongo wa mawazo", imehamishia dhiki kichwani, na vijana wa leo huifupisha kwa neno la kutohoa, stresi.

Istilahi hiyo mpya ina manufaa katika zahanati na katika ofisi ya mshauri nasaha. Kasoro yake ni kwamba inaitenga dhiki na chanzo chake. Mtu hupata tumbo joto kwa sababu ya jambo fulani, na msikilizaji huuliza "Kuna nini?" Msongo wa mawazo unaweza kusimama peke yake kama maradhi, na anayeugua akashauriwa apunguze kufikiri.

Aliye nyumbani

Anayengoja hufanya nini? Wavulana wengi wa ukanda huu "walijishikiza". Walijishikiza katika viwanda vya chumvi vya Gongoni na Marereni, katika hoteli za Malindi na Watamu ambazo nazo hupunguza watu masika yanapoingia, katika shamba la mkonge la Vipingo, au mbele ya darasa la shule ya msingi wakiwa walimu wasio na mafunzo. Ni kitenzi kizuri, kwa kuwa ni cha kujirejea. Ndicho pekee katika msamiati wote huu ambacho mtenda wake ni kijana mwenyewe. Kinakiri pia kwamba kazi hiyo si yake, ameshika tawi tu mpaka mkondo upite. Wapo walioshika tawi hilo miaka kumi.

Msichana hakusemwa kuwa amejishikiza. Alisemwa kuwa "yuko nyumbani", na kuwa nyumbani, kwa msichana wa miaka kumi na tisa, kulifasiriwa na majirani kuwa yuko tayari. Posa haikungoja barua. Mzazi aliyempeleka binti shule kwa kuuza nazi na korosho, akazikabili shutuma za ndugu zake kwa kufanya hivyo, alijikuta akiulizwa swali zito: amngojeshe binti hadi lini, na kwa ushahidi gani kwamba ataitwa? Sarufi ya Kiswahili inamweka mwanamke katika kutendwa hapa pia, maana mume huoa na mke huolewa. Msichana aliyekuwa akingoja alisimama katikati ya vitenzi viwili vya kutendwa, kuitwa na kuolewa, na kilichotangulia kufika ndicho kilichoamua. Kuna pia waliopata mimba katika kipindi hicho, na Kilifi ni miongoni mwa kaunti ambazo mimba za wasichana zimezua mjadala wa kitaifa mara kadhaa. Barua iliyofika baada ya hapo iliwekwa sandukuni pamoja na vyeti.

Inashangaza kwamba fasihi andishi ya Kiswahili haijakitendea haki kipindi hiki. Riwaya za shule ni nyingi. Lakini aghalabu mhusika hufanya mtihani mwishoni mwa sura moja na kuwa tayari chuoni, au ng'ambo, mwanzoni mwa sura inayofuata. Kungoja kumo katika nafasi tupu iliyo kati ya sura hizo. Mtafiti anayetafuta mada ya tasnifu angeweza kuanzia hapo, na pengine angepata data tajiri zaidi katika barua na mashairi ambayo vijana waliyatunga wakiwa wanangoja kuliko katika vitabu vilivyochapishwa.

Barua ya pili

Muda umefupishwa. Kuanzia mwaka 2011 vyuo vya umma vilidahili tena makundi mawili ili kumaliza mrundikano. Matokeo ya KCSE ya 2016 yalitangazwa Desemba mwaka huo huo badala ya miezi miwili au mitatu baadaye, na waliopata C+ na zaidi wakapangiwa nafasi za shahada bila hesabu ya vitanda kuwazuia. Isipokuwa kundi la 2020, ambalo kwa sababu ya korona lilifanya mtihani wake Machi na Aprili 2021, kijana wa leo hujua chuo chake ndani ya miezi michache, tena kwa simu yake mwenyewe. Mwenye C+ hana tena haja ya kuhofia kimya.

Ila kimya hakijaondoka, kimesogea. Mwaka 2023 serikali ilianzisha utaratibu mpya wa kugharimia masomo, ambapo mwanafunzi huomba ufadhili na mkopo kisha akawekwa katika kundi kulingana na uhitaji wa familia yake. Wapo walioripoti chuoni bila kujua wamewekwa kundi gani wala watadaiwa kiasi gani. Desemba 2024 Mahakama Kuu ilitamka kwamba utaratibu huo unakiuka katiba, na kesi ikaendelea katika Mahakama ya Rufani. Kitenzi ni kile kile cha kutendwa, "kuwekwa", na mtenda ni wale wale wao.

Mzazi wa Mambrui hubeba barua ya kuitwa kutoka ofisi ya basari hadi kwa wazee wa mtaa wanaopanga harambee, na kila anapofika huulizwa kama serikali imeshasema itatoa ngapi. Hujibu "Bado", na katibu wa harambee huiacha nafasi hiyo wazi katika daftari.